Ijumaa Waliponilipa Wote

Niliondoka Tanga nikiwa chini kabisa ya meli ya katani, kwenye chumba cha injini, kazi yangu kupaka mafuta na kumshikia fundi mkuu spana zake. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo tukazunguka Afrika nzima kwa kusini. Kwa wiki nyingi sikuiona bahari ila pale nilipopanda juu kupunga upepo. Taa za kule chini zilikuwa hafifu na fundi hakuwa mtu wa kusubiri; akitaja kipimo, spana iwe imeshafika mkononi mwake. Nikajifunza kuzitambua kwa vidole. Sikujua kwamba huo ndio ungekuwa ujuzi wangu wa maana katika nchi niliyokuwa naiendea.

Mkobani nilikuwa na cheti cha sekondari na barua ya kazi kutoka kiwanda kidogo cha Saltley, mjini Birmingham. Barua ile alinitafutia mtu wa Mombasa niliyesoma naye Tanga. Yeye alikuwa ametangulia miaka miwili, na sasa alikuwa kondakta wa basi. Nilishuka Liverpool, nikapanda basi la safari ndefu, nikafika Birmingham mchana wa mvua. Alikuja kunipokea akiwa na sare yake, mashine ya tiketi ikining'inia kifuani, maana alikuwa na nusu saa tu kabla ya kurudi kazini.

"Umechelewa wiki tatu," akasema.

"Tumezunguka Afrika nzima, yakhe."

"Na Afrika nzima hukuona pahali pa kununua koti?"

Akanivua kijaketi changu chembamba, akanivisha koti lake la sare, akarudi kazini bila koti. Huyo ndiye mtu ambaye baadaye nilimtia hasarani, au nusura nimtie. Ndiyo maana namtaja mapema.

Kiwanda kilikata bati za milango ya magari, zikapelekwa kiwanda kikubwa cha magari cha Longbridge kuunganishwa. Nilikanyaga pedeli moja kwa miaka minne. Mimi si mtu wa kukaa pahali pamoja, na hilo limenigharimu mengi, lakini pedeli ile ingemchosha hata mtu mtulivu. Kitu nilichokingoja kila wiki kilikuwa gari la spana. Kule, fundi hununua vifaa vyake mwenyewe. Mwenye gereji humpa paa na kazi. Spana, nyundo na koleo ni mali ya fundi, akihama anahama navyo. Na kwa kuwa hana nafasi ya kwenda dukani saa za kazi, duka humfuata aliko. Basi kila Alhamisi liliingia uani gari refu la mizigo lenye rafu pande zote mbili, na mafundi wetu wa mashine wakapanda nyuma mmoja mmoja kama watu wanaoingia kwa kinyozi. Mimi sikuwa fundi, lakini nilipanda pia, kushika tu. Harufu ya chuma kipya kilichopakwa mafuta ilinirudisha kwenye meli.

Mwenye gari alikuwa Mwingereza mzee, na magoti yake yalikuwa yamekataa kupanda ngazi. Siku moja akaniuliza kama nalitaka. Alikuwa anauza gari, mali iliyomo na njia yake. Njia ilikuwa daftari: Jumatatu gereji hizi, Jumanne hizi, na pembeni mwa kila fundi, kwa penseli, nani hulipa na nani huahidi. Nilikuwa na nusu ya pesa. Nusu ya pili aliitoa yule mwenzangu wa Mombasa, kutoka kwenye akiba ya nyumba aliyokuwa anakusudia kujenga kwao.

"Hizo ni bati na saruji zangu," akaniambia akinikabidhi. "Nikishika safari ya kurudi nazitaka. Sitaki faida, sitaki spana. Nazitaka hizo hizo."

Nikamwahidi.

Ukiitazama kwa mbali, biashara ile ilikuwa na faida nene. Spana niliyoinunua ghalani kwa pauni tatu niliiuza nne. Lakini ile pauni moja ilikuwa na walaji wengi kabla haijanifikia mimi. Petroli ilikula, na mwaka ule mafuta yalipopanda bei ilikula mara mbili. Bima ilikula. Kitu kilichoanguka mfukoni mwa mtu bila mimi kuona kilikula faida ya siku nzima. Kisha kulikuwa na ahadi. Spana zetu ziliuzwa kwa ahadi kwamba ikivunjika, hata baada ya miaka kumi, inabadilishwa bure. Fundi alinirudishia iliyovunjika nami nikampa mpya palepale, kwa sababu kazi yake haingoji. Yangu mimi ilingoja. Kiwanda cha spana kilinirudishia baada ya mwezi, na kama waliona alama za bomba kwenye mpini, dalili kwamba mtu aliurefusha ili apate nguvu, hawakurudisha kabisa. Mafundi wote hutumia bomba, na wote huapa kwamba hawakutumia.

Tena yakaja magari ya Kijapani na ya Ulaya bara, yenye nati za milimita. Mimi nilikuwa na rafu nzima ya soketi za inchi, za vipimo ambavyo hata Waingereza wenyewe walikuwa wameanza kuvisahau. Nilikuwa nimeshazilipia. Nilizizungusha mji mzima kila siku, nzito kama maiti, na hakuna aliyezigusa.

Hakuna pia aliyelipa kwa mara moja. Fundi alichukua kitu cha pauni ishirini akalipa moja kila wiki. Yule mzee aliyeniuzia alinionya siku ya mwisho aliyonisindikiza njiani. "Usimwogope anayedaiwa," akasema. "Anayedaiwa atapanda gari lako kila Ijumaa, na akishapanda ataona kitu kingine. Mwogope aliyemaliza. Huyo hana sababu ya kupanda." Nilidhani anatania. Tangu utoto nimefundishwa kuliona deni kama ugonjwa, na huyu ananiambia ndilo damu ya biashara.

Gereji kubwa kuliko zote kwenye njia yangu ilikuwa Winson Green, karibu na ukuta wa jela. Ilikuwa na mafundi tisa, pamoja na msimamizi. Niliiweka ya mwisho siku ya Ijumaa, baada ya swala, wakiwa wameshapokea mshahara. Wiki ya kwanza walisimama mlangoni wakichungulia tu, kwa kuwa waliyemzoea hakuwa mimi. Msimamizi wao, mtu mnene mwenye nyusi nyeupe, akawapita akapanda, akachagua bisibisi, akawageukia.

"Mnangoja kadi za mwaliko?"

Wakapanda. Tangu hapo alichonunua yeye walikinunua wote. Gereji ile peke yake ilikuwa inanipa karibu theluthi ya nilichokiokota wiki nzima.

Mimi nilikuwa na kasoro moja kibiashara. Siwezi kumuuzia mtu kabla sijamsalimu, na kusalimu kwetu si neno moja. Nilimuuliza hali yake, mkewe, mguu wake unaomuuma. Wenye magari mengine ya spana walimaliza gereji kwa dakika kumi. Mimi nilikaa nusu saa. Mafundi walinicheka. "Daktari ameanza kupima," walikuwa wakisema. Lakini msimamizi alizoea, na baada ya mwaka alikuwa akinijibu kwa urefu: mke ana mafua, mke amepanda nyanya, mke anataka waishi pwani ya Wales wakistaafu. Sikuwahi kumwona mke huyo, lakini nilimuulizia kila Ijumaa.

Ndiye aliyeagiza kabati jekundu. Lilikuwa kabati la chuma la droo tisa, lenye magurudumu, kitu ghali kuliko vyote nilivyowahi kuuza. Lilipofika alivuta kila droo na kuirudisha, taratibu, bila kusema kitu. Kisha akaniambia, "Usitume karatasi nyumbani kwangu. Mambo yetu yaishie hapa." Nikaitikia. Nilifikiri ni mpangilio tu wa mtu anayependa mambo yake yawe pahala pamoja.

Biashara ilipofika miaka mitano, mwenzangu wa Mombasa alikata shauri la kurudi kwao. Angeondoka mwisho wa masika ya kule, watoto wake wasije wakamsahau sura. Nilikuwa nimeshamlipa theluthi ya pesa zake. Nikakaa na daftari nikapiga hesabu: kama Winson Green ingeendelea kununua kama ilivyokuwa inanunua, kufikia mwezi wa tano ningekuwa nimemaliza, na gari ningebaki nalo. Bila Winson Green hesabu haikufika popote.

Januari ile, Ijumaa moja, niliingia uani nikapiga honi na hakuna aliyecheka. Msimamizi alikuwa ameanguka Jumanne, akiwa ameinama kwenye injini, moyo. Kabati lake lilikuwa limefungwa, na mtu ameweka kofia yake juu. Nikauliza amezikwa wapi. Wakaniambia mazishi ni Jumatano ijayo.

Jumatano ijayo. Maiti siku nane juu ya ardhi, na deni langu shingoni mwake.

Lazima nieleze hili, maana kila kilichofuata kimetoka hapa. Kwetu, kabla maiti hajaswaliwa, ndugu yake husimama mbele ya watu akauliza: kuna anayemdai? Mwenye kudai hujitokeza. Mara nyingi husema palepale, kwa sauti, nimemsamehe, na watu wote wanasikia, na jeneza linanyanyuliwa likiwa jepesi. Nimeona watu maskini wakisamehe pesa walizokuwa wakizihitaji sana. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna nchi ambayo maiti huenda bila kuulizwa swali hilo.

Nikaamua kusamehe. Kiasi chenyewe hakikuwa kidogo, na kwa mtu mwenye hesabu yangu kilikuwa kikubwa. Lakini sikuona njia nyingine.

Kanisani nilikaa nyuma. Nilingoja mtu aulize. Waliimba, wakasoma, wakanyamaza, hakuna aliyeuliza. Makaburini nilingoja tena. Mwisho watu wakaalikwa nyumbani kwa marehemu, nyumba ya mstari iliyoungana na jirani zake, kama zote za Winson Green, chumba cha mbele kimejaa watu wameshika vikombe. Mjane alikuwa amekaa karibu na dirisha, mwembamba, mikono magotini. Nikamwendea. Nikampa pole. Kisha nikasema kwa sauti ya kusikika, kama inavyopasa:

"Mumeo nilikuwa namdai. Leo nimemsamehe. Simdai kitu tena, na watu hawa wote ni mashahidi."

Nilitarajia waitikie. Mjane akaniinulia uso.

"Ulikuwa unamdai nini?" akauliza.

"Kabati. Na vitu vidogo vidogo."

"Kabati ni la gereji."

Nikawatazama mafundi. Wote walikuwa wanaangalia ndani ya vikombe vyao. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakutaka karatasi nyumbani, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Kiasi gani?"

"Nimeshasamehe, bibi."

"Nimekuuliza kiasi gani."

Nikamtajia. Akasimama, akapanda ngazi, akashuka na kopo la biskuti. Akaanza kuhesabu noti mezani, kati ya sahani za mikate. Lilikuwa kopo la akiba ya Wales. Nilijua bila kuambiwa. "Nyumba hii haijawahi kudaiwa," alisema, si kwangu hasa. Nikazisukuma noti upande wake, akazirudisha. Kadiri nilivyokataa ndivyo nyuso zilivyozidi kukaza. Mwisho mwenye gereji ile ya Winson Green alinishika mkono, akazitia noti mfukoni mwa koti langu, akanitoa hadi mlangoni.

"Siku nyingine yoyote ungekuja," akasema. "Leo?"

"Sikuja kudai. Nimekuja kusamehe."

"Hakuna aliyekuomba."

Nilimsimulia mwenzangu jioni ile. Alisikiliza akivua viatu vya kazi, akaacha kimoja mguuni.

"Ungemsamehe moyoni mwako, ungepungukiwa na nini?"

"Msamaha wa moyoni nani anausikia?"

"Anausikia anayetakiwa kuusikia, yakhe." Akavua kile cha pili. "Mimi pia ningesema kwa sauti," akaongeza. "Hilo ndilo linalonitia hofu."

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Winson Green saa ileile. Nikafungua mlango wa nyuma, nikashusha ngazi. Hakuna aliyetoka. Baada ya muda akaja mwenye gereji peke yake na bahasha nene. "Hesabu zao zote," akasema. "Wamechanga mishahara yao, wengine nimewaongezea mimi. Kila mtu amemaliza. Andika kila mmoja kwamba amemaliza." Nikahesabu. Hapakuwa na pungufu hata senti. Katika miaka yote ya biashara ile sikuwahi kushika pesa nyingi hivyo kwa siku moja. Nikafuta majina manane, mstari mmoja kila jina, naye akisimama pale kuangalia, kisha akaniambia kwaheri kwa adabu kabisa.

Nilijua maana yake. Yule mzee hakuwa anatania.

Gereji za mji mmoja huwa na sikio moja. Wiki ya pili nikalipwa Saltley, gereji mbili kwa mpigo. Wiki ya tatu fundi mmoja, ambaye alikuwa akinidai mimi mzaha kila Jumatatu, alipanda, akaweka pesa kaunta, akashuka bila neno. Nilijaribu kueleza. Mwingine alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ninakuamini. Lakini mama yangu anaumwa, na sitaki nikuone siku hiyo." Kulikuwa na gari lingine jipya mjini, kubwa, lina taa ndani na kipasha joto, na dereva wake hamuulizi mtu habari za mkewe.

Mwezi wa nne niliuza. Dereva huyohuyo ndiye aliyenunua, kwa bei ya mtu anayejua huna mnunuzi mwingine. Zile soketi za inchi hakuzichukua hata bure. Nikaziuza kama chuma chakavu, kwa uzito. Nikazijumlisha na yale malipo ya bahasha, nikalipa ghala, nikamlipa mwenzangu zake zote. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, kama nilivyomtaka afanye.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nimebaki salama."

"Sikukuuliza salama. Nimekuuliza umebaki na nini."

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na zile noti za kopo la biskuti tu, ambazo nilikuwa nimezifunga kwenye leso na sikuzigusa hata siku moja. Zilikuwa pesa nilizozisamehe, kwa hiyo hazikuwa zangu. Siku niliyoondoka nilikwenda kwanza Winson Green kwa miguu kuzirudisha.

Mjane alifungua mlango mwenyewe, hakunikaribisha. Nikamnyooshea leso.

"Nilikulipa," akasema. "Usinifanye niwe nadaiwa tena."

"Nilimsamehe, bibi. Siwezi kusamehe na kupokea."

Aliitazama leso. Kisha akauliza kama ni kweli kwetu watu husema mbele ya jeneza, kwa sauti, kwa sababu mwenye gereji alimwambia ndivyo nilivyojitetea kwa watu. Nikamwambia ni kweli, na kwamba ndugu ndiye huuliza.

"Na hapa hakuna aliyekuuliza."

"Hakuna. Nilingoja."

"Mume wangu alikuwa anasema wewe unanisalimu kila Ijumaa. Hanijui lakini ananisalimu, alisema." Akashika ukingo wa mlango. "Alikuwa akiniletea salamu zako. Kabati hakulitaja hata siku moja."

Akasema kabati limebaki gereji na hataki kujua mwisho wake. Kisha akaisukuma leso kifuani kwangu, bila hasira. "Wewe una safari," akasema akitazama begi langu. Mlango ukafungwa polepole.

Niliteremka kando ya ukuta wa jela hadi kituo cha basi. Rotterdam, bandari ya Uholanzi, nilikuwa nimesikia kuna meli zinatafuta watu wa chumba cha injini. Tiketi ya treni na ya meli ya kuvukia niliikata kwa pesa za leso ile, kwa sababu sikuwa na nyingine, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Basi lilipita mbele ya gereji. Ilikuwa Ijumaa, na lile gari jipya lilikuwa uani, mlango wake wa nyuma wazi, mafundi wanane wamepanga foleni wakifuta mikono kwa matambara.